Tajiri na Mwanazuoni: Mhadhara Uliotolewa Nkuhungu, Dodoma

 

Nimeitwa kusema juu ya jambo ambalo kwa kulisikia tu laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wa mbali, nalo ni ushirika baina ya watafiti wa vyuo vikuu na maabara za makampuni. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri akapalilia mtama wake Hombolo, au akafungua duka lake katika mtaa huu, ana haki ya kuuliza jambo hili lamhusu nini, maadamu wanazuoni wamekaa na vitabu vyao juu ya vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, na makampuni yamekaa na hesabu zake mahali ambapo yeye hana safari ya kufika. Nitajaribu kumjibu kwa kuanzia hapa hapa katika nchi ya Wagogo, kwa kisa ambacho wazee wengi walikisikia kwa baba zao.

Kisa chenyewe ni cha karanga za Kongwa. Ilipokwisha Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa imepungukiwa na mafuta ya kula, na katika mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa majuma 9, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka katika ndege, kisha ukarudi na makadirio ya eka zaidi ya milioni 3. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, kampuni ikisimamia kwa niaba ya serikali, na matrekta yaliyookotwa katika mabaki ya vita yakaingia porini kupambana na mibuyu. Ardhi ile, ambayo wakati wa mvua hulimika, ilikauka kiangazi ikawa ngumu kama saruji, karanga zikafungwa ndani yake zisichimbike. Na mvua, ambayo huku kwetu huja msimu mmoja tu na mara nyingine haiji, haikuja kwa kiasi kilichoandikwa katika makadirio. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Ni rahisi kuwacheka waliokosa baada ya miaka mingi kupita, lakini kicheko hakimfundishi mtu kitu. Watu wale hawakuwa wajinga, wala hawakupungukiwa na fedha, wala bidii haikuwaishia. Walichokosa ni utaratibu wa kuuliza. Aliyeijua mvua ya Ugogo alikuwa Mgogo, ambaye wazazi wake waliiona njaa ya Mtunya katika siku za Vita Kuu ya Kwanza, na kwa sababu hiyo akapanda mtama na uwele, akafuga ng'ombe, akaweka tumaini lake katika vitu vinavyostahimili ukame. Aliyeweza kuupima udongo ule na kueleza kwa nini unakuwa mgumu alikuwa mtaalamu wa ardhi. Mwenye mtaji alikuwa kampuni na serikali. Watatu hawa hawakuketi pamoja kabla ya matrekta kuwashwa. Nami naamini kwamba vishamba vichache vya majaribio, lau vingalilimwa kwa misimu mitatu au minne, vingalitoa kwa fedha kidogo lile jibu ambalo lilikuja kununuliwa kwa mamilioni. Jibu lilikuwa neno moja: hapana.

Mhadhara wangu ni juu ya neno hilo. Watu wanaposifu ushirika wa vyuo na makampuni, aghalabu husifu fedha ambazo kampuni hukipa chuo, na mitambo, na ajira za vijana. Nami siyadharau hayo. Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote, kwa kadiri ya fahamu yangu, ni kulipata neno "hapana" mapema, lingali rahisi, na kulipata neno "ndiyo" likiwa limekwisha kupimwa na mtu ambaye hali mkate kwa kulisema.

Tabia za wawili hawa hazifanani, na ndiyo sababu wanahitajiana. Kampuni ina siku ya kufunga hesabu, nayo huogopa hasara. Inayajua masoko, inajua namna ya kutengeneza kitu kimoja mara milioni bila ya kupungua ubora, na inaweza kukifikisha kitu hicho katika duka la kijijini. Mwanazuoni huogopa kosa. Ana saa za kutosha kulirudia jaribio hata asadiki, ana wanafunzi wenye macho mapya, ila kazi yake mara nyingi huishia katika tasnifu ambayo husomwa na watahini wake kisha ikawekwa rafuni, ikaliwa na mchwa pamoja na hekima yake yote. Hofu ya mmoja ni dawa ya udhaifu wa mwenziwe.

Tanga yatupa mfano wa ushirika uliozaa matunda. Mkonge haukuwa mmea wetu. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa katika utumishi wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo yakatoka mashamba yaliyoipa Tanganyika jina duniani. Baadaye watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano walishika kazi ya kuchanganya mbegu, huku wenye mashamba wakichangia katika utafiti wa zao lao, na kutoka katika kazi hiyo ya miaka mingi ikapatikana mbegu chotara yenye namba 11648, ambayo hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kawaida kabla ya kuchanua na kufa. Mbegu hiyo ilivuka bahari, ikapandwa hata Uchina. Tazameni namba yenyewe: aliyeupa mche namba 11648 alikuwa ameikataa mingi kabla yake. Mwenye shamba peke yake asingalikuwa na subira ya kukataa mara nyingi kiasi hicho, na mtafiti peke yake asingalijua kwamba kinachotafutwa ni wingi wa majani na uimara wa uzi wala si uzuri wa ua.

Kisa cha mkonge hakikuishia hapo. Jani la mkonge linapopitishwa katika korona, yaani mashine ya kulichambua, uzi unaopatikana hauzidi sana sehemu 4 katika 100 za uzito wake. Yote yaliyobaki, maji na nyama ya jani, kwa miaka mingi yalimwagwa yakaoza na kuharibu mito. Kwa mwenye kiwanda hiyo ilikuwa taka, na taka haina mlango katika daftari lake isipokuwa mlango wa gharama. Wataalamu wa vijidudu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiona kwa jicho jingine: waliuliza ni vijidudu gani vinavyoweza kuila taka ile na kutoa gesi. Kampuni ya Katani, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, ikajenga Hale, katika wilaya ya Korogwe, mtambo wa kuzalisha umeme wa kilowati 150 kutokana na mabaki ya mkonge. Kilowati 150 si nyingi. Lakini mtu aliyekuwa akilipia gharama ya kutupa kitu, akaonyeshwa kwamba kitu kile kina thamani, amepata elimu ambayo haikuwamo katika hesabu zake.

Katika tiba ushirika huu umekwenda mbali zaidi. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, mtu wa ukoo uliokuwa na jina kubwa katika viwanda vya kemikali vya mji huo, alifungua maabara ndogo Ifakara kwa ajili ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na mwaka 1961 makampuni ya Basel yakagharimia kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi mahali hapo. Kutoka katika mbegu hiyo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara. Si chuo kikuu kwa jina, lakini desturi yake ni ya chuo, maana huuliza, hupima, na huchapisha inachokiona.

Watafiti wake wa Bagamoyo walishiriki katika kujibu swali ambalo lilianzia jikoni kwa akina mama. Dawa mseto ya malaria ya kampuni ya Novartis ilikuwa nzuri, ila ilikuja katika vidonge vichungu, na mama aliyemwuguza mtoto mchanga alilazimika kukisaga kidonge, akakichanganya na maji, kisha akakitazama kikitemwa chote juu ya kanga yake. Wataalamu wa kampuni walitengeneza kidonge kinachoyeyuka katika maji na chenye ladha ya tunda. Lakini je, kilicho kitamu kinaponya sawasawa na kilicho kichungu? Swali hilo kampuni haikuweza kujijibu yenyewe ikaaminiwa. Watoto 899 katika nchi 5 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, walitibiwa na kuangaliwa kwa uangalifu; matokeo yalichapishwa mwaka 2008, yakaonyesha kwamba kidonge kipya hakipungui kitu kwa kile cha zamani, na mwaka uliofuata kikaingia katika matumizi.

Sasa nakuja kwenye mfano ambao naupenda kuliko yote, kwa kuwa ndani yake "ndiyo" na "hapana" zimekaa meza moja. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa vimepunguza malaria sana barani Afrika, mpaka mbu wakaizoea dawa ya jamii ya pairethroidi iliyokuwa ikitumika. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa na dawa iitwayo klofenapiri, iliyoanza kutumika kwa wadudu wa mashambani, ambayo haivurugi mishipa ya fahamu ya mdudu kama zile za zamani, ila humkatia nguvu ndani ya chembe hai zake. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilifanya kazi pamoja na wanazuoni wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na shirika la IVCC la Liverpool, hata dawa ile ikakubali kukaa katika uzi wa chandarua. Mwaka 2019, katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi na wa London waligawa aina 3 za vyandarua vipya, vya makampuni mbalimbali, pamoja na kile cha kawaida. Vijiji vikapangwa kwa kura, na wenye nyumba hawakujua wamepewa cha aina gani.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2022, kile chenye klofenapiri kilionekana kupunguza malaria kwa watoto kwa sehemu 44 katika 100 kwa muda wa miaka miwili, kikilinganishwa na kile cha kawaida. Kingine kilianza vyema, kisha nguvu zake zikafifia. Na cha tatu, ambacho mtengenezaji wake naye alikuwa ametumia akili na mali nyingi kukiunda, hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa na chandarua cha zamani. Yote matatu yakaandikwa, kwa wino wa namna moja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakipendekeza kile kilichoshinda. Na mama wa Misungwi, ambaye huenda hajapata kulisikia jina la kampuni ile, analala na mtoto wake ndani ya jibu la wanazuoni.

Jambo moja katika kisa hiki lastahili kuangaliwa kwa makini: fedha za jaribio lile la Misungwi zilitoka katika mifuko ya umma na ya hisani ya Uingereza, hazikutoka katika mfuko wa mwenye chandarua. Kampuni ilileta kitu. Hakimu alilipwa na mwingine. Hapo ndipo ilipo siri ya ushirika wenye heshima, na hapo ndipo wengi walipojikwaa. Katika mwaka 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yaliunda kamati ya utafiti na kuwagawia wanazuoni fedha, na kazi kubwa iliyotokana na fedha zile ilikuwa kuyapalilia mashaka, ili watu waendelee kudhani kwamba dhara la tumbaku halijathibitika. Huko nako kulikuwa na vyuo, na maabara, na mikataba. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusema "hapana" ikasikika.

Kwa hiyo mimi simwambii mwanazuoni akimbie mlango wa tajiri, wala simwambii tajiri autilie shaka mlango wa chuo. Nawaambia waandikiane masharti kabla ya kuanza kazi. Sharti la kwanza ni kwamba matokeo yatachapishwa, yawe matamu au machungu, na kampuni ikipewa muda wa kuilinda siri ya utengenezaji wake, muda huo uwe na kikomo kinachojulikana. La pili, itamkwe mapema kitakachovumbuliwa ni mali ya nani, na chuo kitapata fungu gani, maana watu waliokula pamoja wakati wa dhiki huweza kugombana wakati wa neema. La tatu, mwanafunzi asigeuzwe kibarua: atakapotoka katika maabara ya kampuni awe ametoka na shahada yake na ufundi wake, na haki ya kueleza alichokifanya.

Makampuni makubwa ya dunia yamekwisha kuona faida ya ujirani huu. Mwaka 2013 kampuni ya IBM ilifungua rasmi Nairobi maabara yake ya kwanza ya utafiti katika Afrika, nayo ilichagua kuiweka ndani ya uwanja wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki, ingawa Nairobi haina upungufu wa majengo ya ofisi. Nadhani waliona kwamba mtafiti anayekutana na mwanafunzi njiani kila siku huulizwa maswali ambayo hangeulizwa katika lifti.

Na sisi wa Dodoma je? Tunacho Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 2007, tunacho Chuo cha Mipango, tuna Mtakatifu Yohana, tuna watafiti wa zabibu Makutupora na wa mtama Hombolo. Maswali nayo hayakuadimika. Mzabibu wetu huzaa mara mbili kwa mwaka, baraka ambayo nchi nyingi za mzabibu hazikupewa. Lakini zabibu ikiiva haingoji, na kiwanda kikijaa, mkulima huangalia mali yake ikioza kwenye mashina, au huikamua akauza mchuzi kwa bei ya kuomba. Namna ya kuuhifadhi mchuzi usiharibike kwa mkulima asiye na mitambo ya baridi, namna ya kukausha zabibu kwa jua letu hili lisilo na kodi, na kazi inayoweza kufanywa na makapi na kokwa baada ya kukamua, hayo ni maswali ya mwanakemia, na kila moja lina mfanyabiashara anayelisubiri.

Mtama nao una kitendawili chake. Viwanda vya bia na vya unga hupenda mtama mweupe, usio na ukakasi wa tanini, kama ile mbegu ya Macia iliyoidhinishwa hapa nchini mwaka 1999; na mwaka 2002 zikaidhinishwa Hakika na Wahi, ambazo hukistahimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi. Lakini kwelea kwelea naye hupenda mweupe kwa sababu ile ile ya mwenye kiwanda, na mtama mwekundu, ambao ndege huukwepa, mnunuzi naye huukwepa. Hivyo mkulima amewekwa katikati: apande kinachouzika, kisha awatoe watoto shuleni waende kuamia ndege, au apande kinachosalimika akile mwenyewe. Mbegu itakayomridhisha mwenye kiwanda na kumchukiza ndege, au njia ya kuuondoa ukakasi wa mtama mwekundu kwa gharama ndogo kiwandani, ni kazi ambayo mtafiti wa Hombolo hawezi kuimaliza bila ya kujua kipimo cha kiwanda, na kiwanda hakiwezi kuimaliza bila ya kumjua ndege. Huenda jibu likawa hapana, haiwezekani. Hata hilo tulipate kwa vishamba vichache, kama Kongwa ilivyopaswa kulipata.

Nami nikirudi Kongwa, narudi kwa sababu moja ya mwisho. Baada ya karanga kushindwa, ardhi ile ilijaribiwa kwa malisho, na leo Kongwa inajulikana kwa ranchi yake ya ng'ombe. Ardhi haikuwa mbaya. Iliulizwa swali lisilo lake. Na yule ambaye angaliweza kulisema hilo siku ya kwanza, kwa kuwa mababu zake walikuwa wakichunga ng'ombe pale, alikuwapo kazini akifyeka na kung'oa visiki: aliajiriwa mikono, hakuulizwa akili. Kwa ajili hiyo, wazee wangu, siku kampuni na chuo watakapokuja kuketi hapa Nkuhungu, wakaweka meza yao na viti viwili, nawasihi mpeleke kiti cha tatu, mkikalie, na swali la kwanza liwe lenu.